Vigingi vya Ghala la Madimba

Walisema sitafika. Jirani yetu pale Madimba alimwambia mama, mimi nikisikia, kwamba mtoto wa mkulima wa mihogo akienda Ulaya atarudi na koti tu. Koti nilirudi nalo, ni kweli. Lakini nilirudi pia na diploma ya ujenzi, na katika ofisi yetu ya Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapakuwa na mwingine aliyekuwa nayo. Nilifaulu mitihani kwa lugha niliyojifunza ukubwani. Hilo nalisema kifua mbele. Ninaloliandika hapa ni jingine.

Wanakijiji wa Madimba walikuwa wamejenga ghala la korosho kwa nguvu zao. Fundi alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, mtu mfupi mwenye utani, aliyejenga nyumba nyingi kuanzia kwetu hadi Msimbati. Fremu yake haikuwa na msumari hata mmoja. Kichwa cha nguzo alikichonga ulimi, boriti akaichimba tundu, ulimi ukaingia tunduni, kisha kigingi cha mti mgumu kikapita katikati kuvifunga. Ofisi ilinituma nipime kama viungo hivyo vingestahimili.

Watu walikusanyika kunitazama. Nilisukuma nguzo kwa bega, ikacheza. Nilining'iniza magunia ya mchanga kwenye boriti, kiungo kikafunguka upana wa ukucha. Na vigingi vyote vilikuwa vimechomoza nje urefu wa kidole.

"Mjomba, mbona hivi havijagongwa vikaisha?"

"Bado, mwanangu. Paa halijakaa. Ukivigonga leo, boriti ikishuka vitakatika. Nipe mwezi mmoja."

"Fundi kachoka kunyanyua nyundo!" mtu akapiga kelele nyuma.

Ningeweza kuuliza zaidi. Hata kule Ulaya tuliwahi kuonyeshwa mchoro wa ghala la kale lililofungwa hivyohivyo, nami nikaupita kama hadithi za mababu. Badala ya kuuliza, nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Viungo hivi ni vya kujengea banda la kuku." Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, na kicheko chake ndicho ninachokisikia mpaka leo.

Niliamuru zitiwe bolti za chuma. Kwa siku mbili vijana walizungusha keekee, wakitoboa kila ulimi tundu la pili kando ya kigingi.

"Unaongeza tundu palepale?" mjomba akaniuliza. "Mti utakaobaki ni upi?"

"Chuma kitabeba, mjomba."

Bolti ziliisha kabla hatujafika upande wa mashariki. Nikasema nitaleta nyingine, nikarudi mjini. Maneno yangu yalitembea kuliko mimi. Watu wa Nanyamba, waliokwisha kupatana na mjomba awajengee msikiti, walimletea ujumbe kwamba wameghairi.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, nami nikaitwa. Paa la upande wa magharibi lilikuwa limelala, korosho ziko chini yake. Niliuchomoa ulimi mmoja: umepasuka kufuata nyuzi za mti, kuanzia kwenye tundu langu la bolti. Nikaenda mashariki, ambako mjomba alikuwa amevigonga vigingi vyake baada ya ule mwezi na kuvikata vikawa sawa na mti. Nilisukuma kwa bega. Nikaning'iniza magunia yaleyale. Hakuna kilichocheza.

Mbao za kuegemezea paa hazikuwapo. Nilipita nyumba kwa nyumba kuazima: milango, boriti za jikoni, vibao vya kukalia. Mjomba alikifungua kitanda chake, akanipa mifumbati yake miwili, ile miti mirefu ya ubavuni, akalala chini kwenye mkeka. Kisha akachonga nguzo mpya, mimi nikimshikia.

Kazi ilipokwisha, nilirudisha kila ubao begani kwangu mwenyewe. Kila mlangoni nilisema, "Ahsanteni. Viungo vya mjomba vilikuwa sawa. Niliyeviharibu ni mimi."

"Na hilo limo kwenye diploma?" akaniuliza yule jirani, akiupokea mlango wake.

"Limo, mama. Sikulisoma."

Kwa mjomba nilifika mwisho. Aliigeuza mifumbati, akaipapasa pande zote.

"Hukuitoboa?"

"Sikuitoboa."

"Haya. Nyumba zote umezipitia?"

"Zote. Kesho nakwenda Nanyamba niwaambie na wao."

"Nenda ukitaka. Msikiti wamekwisha kuuezeka, fundi ni mwingine." Aliuingiza mfumbati kwenye tundu la tendegu, mguu wa kitanda, akaokota nyundo. "Shika huko, ukaze. Usizungumze."

Nikashika, nikakaza.