Mkuki wa Saumu na Dawa Yangu

Enzi zetu, na msicheke, maana hata mtu wa kidato cha tatu ana enzi zake, vita havikuwa ndani ya simu. Vilikuwa ndani ya daftari la Hisabati lililobaki nusu, kwenye kibaraza cha nyumba yetu Old Korogwe, mchana tukishakula makande na sakafu bado inaunguza makalio.

Tulikuwa wanne, wote darasa la tano: mimi, Saumu, Hamisi na Elia. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Dar akatufundisha: mmoja anasimulia safari, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, na dadu ya ludo inaamua nani anapona. Akarudi kwao, akatuachia dadu moja. Elia akawa msimuliaji, kwa sababu akinguruma kama joka la mtoni hata kuku walikimbia. Mimi niliandika sheria, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sipendi kuongea. Uhai wetu ulikuwa maharage, kumi kwa kila mtu, na kumi kwa joka la Elia. Mama alikuwa akipita anasema, "Mkimaliza kufa, mnirudishie mboga yangu."

Shida ilikuwa dawa. Mimi na Hamisi tulikuwa waganga. Ukipuliza unga wa dawa, dadu ikionyesha namba yoyote ile, joka linapoteza maharage matatu. Saumu peke yake alichagua mkuki, kwa sababu babu yake alilinda shamba la mahindi dhidi ya nguruwe pori kwa mkuki. Naye mpaka apate tano au sita, tena aondoe harage moja tu.

Siku moja akauweka chini mkuki wake, kijiti cha mbaazi alichokichonga mwenyewe.

"Natembea pori zima, nikifika Hamisi keshamaliza vita kwa kupuliza. Mimi nimekuja kufanya nini? Kuwabebea mabegi?"

Akacheka, maana Saumu alichekea kila kitu, lakini kijiti hakukiokota. Nikaogopa. Hakuwa rafiki yangu mkubwa tu, alikuwa rafiki yangu pekee. Hao wavulana walikuja kwa ajili yake.

Nikaupa mkuki maharage manne, kwa namba yoyote. Kesho yake wote wakataka mkuki, dawa ikabaki mapambo. Nikafuta. Nikakumbuka maneno ya bibi yangu wa Handeni: "Ukitumwa dawa husemeshi mtu njiani. Ukiitikia salamu, umerudi na majani ya mbuzi." Basi nikaandika: mganga akianza dawa anyamaze mpaka zamu yake irudi. Akisema neno, imeharibika. Na wakati amenyamaza, mwenye mkuki ndiye anayemkinga.

Niliona nimepatia kweli. Hamisi akaanza dawa, Elia akamwuliza kwa upole, "Hamisi, yule si mama yako anakuita?"

"Wapi? Sijasikia!"

"Dawa kwisha!"

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini wiki nzima aliyeshinda nilikuwa mimi. Wanichokoze, wanitekenye, nilikuwa kimya kama mtungi. Majoka saba niliua. Ijumaa Saumu akanitazama, safari hii bila kucheka.

"Wewe kunyamaza kwako si sharti, ni mapumziko. Umeandika sheria inayokupenda wewe. Jumatatu siji."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimeiona. Jumapili nikaenda kwao na daftari. Kuomba msamaha kwa mdomo nisingeweza, kwa hiyo nilimpa ukurasa niliouandika: kila mganga atakuwa na mwiko wake mwenyewe, na atakayeupanga ni mwenye mkuki. Akausoma mara mbili, akachukua kalamu, akaandika wa kwangu: *Ataita dawa kwa sauti, mpaka fundi baiskeli ng'ambo ya barabara asikie.*

Jumatatu alikuja. Joka likaniwahi, nikabaki na maharage mawili, yeye moja. Ikawa zamu yangu. Nikasimama.

"Dawa, shuka!"

"Hata mimi sijasikia," akasema Elia.

Nikajaribu tena, sauti ikatoka kama ya mbu. Saumu akaokota kijiti chake, akasimama mbele yangu, mgongo kwangu, akiwa amemkabili Elia. "Chukua muda wako," akasema. "Halipiti hapa."

Nikafumba macho.

"DAWA! SHUKA!"

Ng'ambo ya barabara fundi akainua spana. "Nimesikia, binti! Limekufa?"

Halikufa. Lilibaki na harage moja. Saumu akarusha dadu, ikatua sita, akalimaliza kwa mkuki.

Leo mdogo wangu Idi anapigana kwenye simu ya mama. Anabonyeza, radi inashuka, watu mia wanaanguka, naye anapiga miayo. Nikamwuliza dawa yake ina mwiko gani. Akanitazama kama ajuza. "Dada, unasubiri tu chaji ijae." Hakuna wa kusimama mbele yake wakati anasubiri. Kwetu vita vimoja vilichukua mchana mzima, na mshindi alirudisha maharage jikoni, akayachambua na kuyaosha.

Kina Saumu walihamia Handeni tulipomaliza la saba. Tumekuwa watu wa kutumiana salamu za sikukuu tu, na mimi kwa kunyamaza mnanijua. Lakini jana nilimpigia, sikuandika ujumbe, nilipiga. Jumamosi napanda basi. Dadu ninayo, daftari ninalo, na kijiti cha mbaazi nimechonga. Safari hii mkuki nabeba mimi, yeye ndiye mganga. Mwiko wake nimeshauandika: asicheke.

Hatoboi.