Ndege za Mabomba

Juzi ndege za jeshi zilipita juu ya mtaa wetu wa Jules Street, mjukuu wangu akaruka: "Eish, Bibi, ona!" Nikamcheka. Mimi nilishazikimbilia na ndoo utotoni.

Baba alikuwa anapakia mabomu kwenye ndege za kikosi chao. Mimi nilisikia "mabomba", nikajua zinabeba maji. Siku ndege ziliporudi kutoka vitani, uwanja unanuka mafuta ya taa, nikapenya na ndoo yangu mpaka katikati ya gwaride.

Mkubwa wao akanguruma kama lori bovu: "Mtoto wa nani huyu?"

Atakayejibu analala mahabusu. Baba akatoka mstarini: "Wangu, afande."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji ya bomba," nikasema.

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Vita vimeisha. Kesho mnapakia unga wa watu waliokumbwa na mafuriko."

Basi baba akapakia unga, na mimi, nikiamini ndoo yangu ndiyo iliyomaliza vita, nikatembea mtaani kama mke wa jenerali.