Maua ya Ghule na Saa Sabini na Mbili za Kompyuta

Saa mbili na nusu asubuhi, Pandharinath Ghule amepiga magoti kwenye sakafu ya zege, kiganja chake kimetulia juu ya bomba la bluu. Shingoni ananing'iniza vitambulisho viwili: kimoja cha chuo kikuu, kingine cha kampuni ya kompyuta ya Bengaluru.

"Bomba hili mpaka kwenye valvu ni la chuo," ananiambia bila kugeuka. "Kuanzia valvu kwenda ndani ni la kampuni. Maji hayajui mpaka, lakini mawakili wanaujua. Ndiyo maana wakanitafuta mimi."

Katika jengo hili la Pune, ni yeye peke yake anayeruhusiwa kushika spana pande zote mbili.

Nyuma ya ukuta inanguruma kompyuta kubwa ambayo chuo na kampuni wameiunda kwa ubia ili watafiti wapige hesabu za mvua, kijiji kwa kijiji. Leo ni siku ya tatu ya jaribio la makabidhiano. Mashine lazima ifanye kazi saa sabini na mbili bila kusimama hata dakika moja, na saa hizo zinaisha saa tano asubuhi. Ikizima, basi tena. Jumatatu wataalamu wa kampuni wanahamia mji mwingine, na mkataba wa utafiti wa miaka mitano unakufa kabla ya kutiwa saini.

Kazi ya Ghule nayo inakufa. Ana miaka hamsini na minne, na mkandarasi anamlipa rupia elfu kumi na nne kwa mwezi. Mkataba ukipita, ataajiriwa rasmi kwa rupia elfu thelathini na moja.

"Mke wangu ameshaanza kuzitumia kichwani," anasema, akicheka.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari kwao Beed. Mvua ikakosekana misimu miwili mfululizo, miwa ikakauka, kiwanda kikafungwa. "Mvua ndiyo iliyonifukuza kazi," anasema. "Sasa natunza mashine ya kuipeleleza. Safari hii haiponi!"

Jana ilikuwa Khande Navami, siku ambayo kila fundi huosha zana zake, huzipaka manjano, huzivisha maua na kuzipumzisha. Aliyepanga jaribio liangukie siku hiyo hakutazama kalenda, au aliitazama akapuuza. Mhandisi wa kampuni, Chaitra Hebbar, alipiga marufuku ubani na maua katika chumba cha mashine. Ghule akatii. Akatoka nje, akatundika makoja manne ya maua ya zendu, yale ya rangi ya chungwa, kwenye mnara wa kupozea maji.

"Haipumziki, sawa. Lakini niinyime hata maua? Nisingelala."

Saa tatu na robo, sauti inapasuka kutoka chumba cha skrini. Ni Rutuja Mohite, mwanafunzi wa uzamivu anayetafiti jinsi kompyuta kubwa zinavyoweza kutambua hitilafu zake zenyewe. Ghule humwita baba mdogo kwa heshima tu.

"Baba mdogo, njoo! Maji yanayoingia yamefika nyuzi ishirini na saba!"

Kawaida ni ishirini na nne. Yakifika thelathini na mbili, kompyuta hujizima yenyewe.

"Pampu inakufa," anasema Chaitra, uso umemkauka. "Tuhamie ya pili."

"Tukihamia, maji yatakatika kidogo, madamu," anasema Ghule akiingia. "Si itazima?"

"Inaweza. Una wazo bora zaidi?"

Ghule anagusa bomba, kisha anatoka mbio, nami nyuma yake. Kwenye mnara zimebaki nyuzi tupu za makoja. Makoja yalitundikwa upande ambao feni huvuta hewa. Kule kiwandani boila halikuwahi kunyonya ua hata moja. Hapa, petali zimejaa kwenye tangi la chini, zinazunguka kuelekea kwenye bomba.

Ananitazama. Hakuna mwingine aliyeona.

"Bwana mwandishi, umeona?"

"Nimeona."

Anageukia mlango. "Haya, twende nikaseme."

Anaingia na kusema. "Madamu, pampu ni nzima. Ni maua yangu, yameziba chujio. Niruhusu nihamishe maji kwenye chujio la akiba. Hayatakatika."

"Ghule! Nilikukataza!"

"Ulinikataza humu ndani, madamu."

Rutuja anajiziba mdomo asicheke. "Ishirini na tisa!" anapiga kelele.

"Hamisha!" Chaitra anafoka. "Tutagombana baadaye!"

Ghule anasukuma mkono wa chuma wa valvu taratibu, robo, kisha robo nyingine. Thelathini. Thelathini na nusu. Thelathini na nusu tena. Ishirini na tisa! Rutuja anaruka, na mimi, nakiri, naruka naye. Ghule anachomoa chujio lililoziba: limejaa rojo la chungwa mpaka ukingoni.

Saa tano kamili jaribio linaisha, mashine ikiwa haijasimama hata mara moja. Watu wanakumbatiana, masanduku ya peremende yanafunguliwa. Chaitra peke yake ameinamia ripoti.

"Chanzo cha joto niandike nini? Nikiandika maua yako, watauliza kwa nini nikuajiri."

"Andika maua ya Ghule. Ukiandika takataka, mwakani fundi mwingine atatundika tena."

Rutuja anaingilia kati. "Mnabishania nini? Mwaka mzima naomba tuzibe chujio mashine ikiwa inafanya kazi, nipate vipimo. Chuo kinaogopa, kampuni inagoma. Baba mdogo kanifanyia bure! Kuziba na kuzibuka, vyote vimerekodiwa!"

Chaitra anaangua kicheko, kisha anaandika: maua ya Ghule. Leo ni Dasara, siku ya kupeana majani ya apta badala ya dhahabu. Anachukua jani moja kwenye meza ya Rutuja na kumwekea fundi wake kiganjani.

"Chukua dhahabu, Mzee Ghule."

Wiki tatu baadaye mkataba wa utafiti umeshatiwa saini, na barua ya ajira imefika. Rutuja anaandika makala kuhusu vipimo vile, na jina la Ghule litakuwemo kati ya waandishi. "Nimemwambia asilikosee," anasema.

Kamati ya chuo na kampuni ilihitaji siku moja kila mwaka ya kuizima kompyuta kwa matengenezo. Ikamuuliza fundi ichague ipi. Hakufikiria mara mbili.

"Khande Navami," anasema, akinionyesha tarehe aliyoizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya mwakani. "Tutaizima, tutaiosha, itapumzika kama zana nyingine. Na feni ikishasimama kabisa, natundika makoja manane."