Siku Mama Alipotembea, Mimi Nikabebwa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipomnyang'anya mama yangu jembe mbele ya majirani, nikajiona nimefanya ibada.

Nilikuwa karani mjini Kigali, na kitambi kilikuwa kimeanza kunitangulia mlangoni. Wakati ule kitambi kilikuwa cheo. Mama alikuwa amepita sabini, akiishi Gahanga, akilima maharage yake na kwenda kanisani kwa miguu. Mimi nikaona aibu. Watu watasema nini, mwana anakula mshahara na mama ana tope miguuni? Nikamletea kiti cha sponji, kile ambacho ukikikalia kinakumeza. Nikamwomba jirani amchotee maji na kumlimia. Jembe nikalifungia stoo, ufunguo nikaondoka nao.

"Mama," nikamwambia, "kazi yako sasa ni kupumzika."

"Na nikimaliza kupumzika, nafanya nini?"

Nilicheka. Ujana una masikio, lakini hausikii.

Miezi mitatu baadaye nilimkuta hawezi kuinuka kitini bila watu wawili. Kanisani hakuwa ameenda majuma manne. Mwanangu, niliogopa. Siku zote mama alisema ataondoka kwenye kilima chake siku miguu itakapokataa, na sasa nilimwona anautazama mlango kama mtu anayeaga.

Mvua ilikuwa imenyesha, na magari hayakuweza kufika kule. Nikawaita wanaume wa kilima wampeleke zahanati kwa ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo kwetu hutumika kubebea wagonjwa mabegani. Mama akakataa katakata.

"Magoti iko mazima. Kiti yako ndiyo inaumwa. Nipe fimbo, nitaenda pole pole."

Nami, kwa hizo heshima zangu, nikamlaza hivyo hivyo, kisha nikashika mti wa mbele mwenyewe, maana niliona mwana hawezi kuwaachia wengine mzigo wa mamaye. Kushuka tulishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikoniumbua. Hatua thelathini, natweta. Hatua hamsini, naona vimulimuli mchana kweupe. Kwenye tope mguu ukateleza, nikakaa chini kwa kishindo, na kifundo kikavimba papo hapo. Wenzangu waliidaka ingobyi kabla mama hajafika chini. Akateremka taratibu, akaomba fimbo, akaielekeza kwangu.

"Mlazeni huyu," akasema. "Ingobyi haikutoka nyumbani bure."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikabebwa. Mbebaji mmoja, mzee wa rika la mama, mvi kichwa kizima, alininung'unikia njia nzima: "Fideli, mama yako ilikuwa mgonjwa mwepesi. Wewe iko magunia mbili ya viazi." Mama alitangulia mbele, akipumzika kila kona, na kadiri alivyokwenda ndivyo mgongo wake ulivyonyooka.

Pale zahanati, muuguzi alikuja moja kwa moja kwangu. "Mgonjwa amekuwa hivi tangu lini?"

"Mgonjwa ni mimi," mama akajibu. "Huyu ndiye amenileta."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akayakanda magoti ya mama, akamuuliza anashinda akifanya nini.

"Nimekalishwa," mama akasema.

Hapo kicheko kikamwisha yule muuguzi. "Bwana, mama yako hana ugonjwa. Miguu ya mzee ikilala wiki, kuiamsha ni mwezi. Ukimkalisha miezi mingine mitatu, hutamwinua tena. Mrudishie jembe yake."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilidhani namheshimu mama, kumbe nilikuwa naheshimu macho ya majirani.

Jioni ile ile nikafungua stoo. Alianza na tuta moja, siku ya pili mawili, akipumzika anapotaka mwenyewe. Baada ya wiki sita alikwenda kanisani kwa miguu yake, nami nyuma yake nikichechemea. Padri akamuuliza kama amenileta niombewe.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Basi nisikilize, mwanangu. Usimpokonye mzee kazi kwa jina la heshima. Mpunguzie mzigo, usimkatishe mwendo. Muulize anataka kubeba nini, kisha mwache abebe, hata akikawia. Na wewe usingoje mvi ndipo ukumbuke kwamba una miguu. Tembea leo, inama, panda kilima, maana uzee hauji na nguvu mpya, unatumia zile utakazoukuta nazo. Mimi sasa nimefika umri wa mama. Kila asubuhi napalilia migomba yangu, na wanangu wameanza kunong'ona kwamba nipumzike. Nawajibu nitapumzika nikichoka.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, akupe na miguu ya kuitembea. Na akujalie watoto watakaokupenda sana, lakini wasikuonee huruma kupita kiasi.