Kofia ya Semasaka: uongo niliotundika kibarazani kwangu Muhima

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu juzi humu ndani hakukaliki. Kila uzi ni yule mchekeshaji aliyepigwa picha na kofia ya chama. Wengine mnasema kanunuliwa, wengine mmeshaapa hamtaangalia kipindi chake tena, na kampeni zenyewe hata hazijaanza.

Nimekaa kimya nasoma komenti. Leo nimeshindwa.

Nitakayosimulia niliyatenda mwenyewe, kwa mikono hii hii, na hayanipambi hata kidogo. Jina la mtu nimelibadilisha kwa heshima ya familia yake. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Twende Kigali, mwaka 1992 kuelekea 93.

Mimi ni fundi cherehani. Sasa nipo Kigoma, macho hayaoni tena tundu la sindano, lakini wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita na kibaraza changu Muhima, barabara ya kuteremkia Nyabugogo. Babu yangu alitokea Ujiji na biashara zake za vitambaa, akaoa huko huko Rwanda, akazikwa huko. Huko tuliitwa Waswahili, na Mswahili pale mjini alikuwa ama dereva, ama muuza duka, ama fundi. Mimi nikawa fundi.

Vita ilikuwa kaskazini tangu 90. Mjini vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na kila mtu aliongelea uchaguzi ambao tarehe yake hakuna aliyeijua. Kila chama kilikuwa na rangi zake na kofia zake. Sitazitaja rangi. Waliokuwepo watajua, na ambao hawakuwepo haiwapunguzii kitu.

Kulikuwa na jambo liitwalo kubohoza. Neno lenyewe maana yake ni kukomboa, ila ukombozi wake ulikuwa vijana wa chama kukukamata njiani, kukuvua kofia ya wenzao na kukuvisha ya kwao, na makofi juu. Kwa hiyo kofia haikuwa urembo wakuu. Kofia ilikuwa inapiga mtu.

Sasa Semasaka.

Huyu alikuwa mchekeshaji wa maigizo ya redioni. Faustin ndilo jina la kanisani. Sauti yake ya mzee mkaidi wa shambani kila nyumba iliijua, hadi mama yangu ambaye hakuwahi kucheka mbele ya wageni. Televisheni ilipokuja, changa kabisa, saa chache tu kwa siku, wakamchukua awe na kipande chake cha vichekesho. Ninyi leo mnacheka kwa kidole, mnasukuma kioo juu hadi chini. Sisi tulijazana watu arobaini kwenye kabare moja, ndiyo baa ya kule, yenye televisheni, na aliyekaa mbele akitikisa kichwa anapigiwa kelele.

Siku moja Semasaka akaja kibarazani kwangu. Nilimtambua kwa sauti kabla sijainua kichwa.

"Fundi, mimi nataka kofia moja ya pande mbili. Uku nje rangi ya hawa, uku ndani rangi ya wale."

Akanieleza igizo lenyewe. Mzee wa shambani anatoka sokoni, njia panda ya kwanza anakutana na chama hiki, anageuza kofia. Njia panda ya pili chama kile, anageuza tena. Anageuza hadi anachanganyikiwa, anafika nyumbani kichwa wazi na mkewe hamtambui. Alinionyesha pale pale, kwa kutumia kitambaa cha bitana. Nilicheka hadi mkasi ukanidondoka.

"Ila iko siri, fundi. Watu waione kwenye televisheni kwanza. Hii mambo ya vyama, mtu akiisikia nusu, iko hatari."

Nikamwambia asijali. Fundi hatangazi mwili wa mteja wake.

Nikashona upande wa nje. Kitambaa cha ndani kikachelewa, muuzaji akawa ananizungusha siku tatu. Kofia ikabaki imeshonwa upande mmoja.

Mafundi wenzangu humu mnajua utaratibu. Nguo isiyokwisha unaibandika kipande cha karatasi kwa pini, jina la mwenyewe na siku ya kuja kuchukua, unaitundika ndani isichanganyike na nyingine. Ndani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, mtu wa majivuno, kila siku anatuimbia kwamba kamshonea mke wa mkubwa fulani. Asubuhi ile alikuwa ameanza tena. Nikasema moyoni, leo nitamnyamazisha huyu. Nikaichukua kofia ya Semasaka nikaitundika kwenye kamba ya kibarazani, karatasi imeangalia barabarani, jina nimelipitia kalamu mara ya pili lisomeke vizuri.

Nilitaka wajue mteja wangu ni staa. Basi. Sikuwaza kitu kingine, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata ubaya sikukusudia, nilikusudia sifa.

Wapita njia waliona nini? Kofia ya chama, rangi za upande mmoja, na jina la Semasaka.

Kufikia mchana habari ilikuwa Nyabugogo. Jioni ilikuwa mji mzima: Semasaka kaingia chama. Hakukuwa na simu za kushea picha, lakini midomo ya watu haikuhitaji bando.

Nilipoishusha ile kofia nilikuwa nimechelewa.

Kesho yake wakaja vijana wa kile chama kibarazani, watano, wamefurahi kama watu wa harusini. Kiongozi wao, jitu refu lenye koti la ngozi, akanishika mkono.

"Umefanya vizuli sana, fundi. Semasaka iko wetu. Na weye iko wetu."

Akaagiza nimshonee kofia za vijana wake wote. Nilipaswa kusema pale pale kwamba kofia ile ni ya igizo, na kwamba kwenye igizo wao pia wanachekwa. Niliangalia mikono yake, nikasema ahsante.

Siku mbili baadaye vijana wa chama cha pili wakamkamata Semasaka mtaa wa Kimisagara. Wakambohoza. Alipigwa hadi jino likatoka, na mchekeshaji jino la mbele ni sehemu ya kazi. Kule kazini, mkubwa wa kipindi akamwambia apumzike kwanza, hadi uchaguzi upite.

Uchaguzi upi? Ule usio na tarehe.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakujieleza mwenyewe. Alijieleza, wakuu. Kila mahali alipofungua mdomo kusema ukweli watu walianza kucheka, wakidhani ndiyo kipande kipya.

Akaja kwangu. Hakugomba, na ningependa angegomba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkono mdomoni kuficha pengo.

"Saidi, mimi sikuje kukulaumu. Jumapili mkubwa wetu anakuja pale kabare kula brosheti. Weye utakuja na kofia, umalize upande wa ndani. Utasema mbele ya watu iko ya nini. Kitu moja tu. Mimi wanasema ninacheza, weye fundi watakuamini. Nitarudi kazi."

Nikamwahidi. Nikamshika mkono nikamwapia kwa Mungu.

Na kofia niliimaliza. Ilitoka safi, ukiigeuza hivi ni hawa, ukiigeuza vile ni wale, mshono hauonekani. Jumapili mchana nikaikunja nikaitia mfuko wa koti, nikaenda.

Kabare ilijaa. Mkubwa wa kipindi alikuwa meza ya pembeni na mkewe. Semasaka alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Na meza ya katikati alikaa lile jitu la koti la ngozi na vijana wake, vichwani wamevaa kofia nilizowashonea mimi.

Semasaka akapiga makofi mawili watu wanyamaze.

"Bon. Fundi iko hapa. Fundi, uwaambie hawa watu ile kofia iko ya nini."

Watu wote wakanigeukia, na mkubwa wa kipindi akaweka chini kijiti chake cha brosheti, mishikaki ya kule. Jitu la koti likanitazama huku linatabasamu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsubiri rafiki yake.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kofia. Nilikuwa naigusa, wakuu. Ilibaki kuitoa na kuigeuza mara moja tu, hata kusema nisingehitaji kusema.

Nikafungua mdomo nikasema:

"Jamani, mimi ni fundi. Napima kichwa, sipimi kilichomo ndani."

Kabare nzima ikaangua kicheko. Watu walipiga meza. Jitu la koti lilicheka hadi likafuta machozi, likaamuru niletewe soda. Mkubwa wa kipindi naye alicheka, kisha akarudi kwenye brosheti yake.

Semasaka alinitazama kidogo. Halafu naye akacheka, na kofia yake ya kufikirika akanivulia kama wafanyavyo wasanii jukwaani. Akatoka.

Nilikunywa ile soda. Nataka mjue hilo pia, niliimaliza.

Kofia hakuja kuichukua, nami sikumpelekea. Nilijiambia mambo yakitulia nitamtafuta. Mwaka 93 nilimwona mara mbili tu, kwa mbali, akipita njia za uchochoroni na mzigo wa mkaa kichwani. Mara zote mbili niliinama kwenye cherehani. Kwenye televisheni wakamweka mtu mwingine ambaye hakuchekesha, na mama yangu akaacha kuuliza Semasaka yuko wapi.

Kisha ikaja 94. Sitaiandika. Mnajua.

Kabla hamjaniambia, nitasema mwenyewe: kofia ile haikumuua. Waliouawa mwaka ule, naye akiwemo, hawakuulizwa kofia. Nimejifariji hivyo miaka mingi, na ni kweli. Lakini yule mtu alikuwa na mwaka mmoja na ushee tu umebaki duniani, yeye hakujua wala mimi sikujua, na mwaka wenyewe aliuishi bila kazi aliyoipenda, anabeba mkaa. Mwaka ule nilimnyang'anya mimi. Ndiyo nasema nilimnyang'anya, msinitafutie neno laini.

Yalipopita yale, niliporudi mjini kuangalia kama kibaraza kipo, nilikutana na dada yake. Yeye peke yake alibaki nyumbani kwao. Nilijitambulisha nikiwa tayari anitemee mate. Badala yake uso ukamchangamka.

"Ni weye fundi wa Muhima? Yewe! Faustin alitusimulia weye mara mingi. Alisema iko fundi moja anachekesha watu kumpita yeye. Ile ya kupima kichwa! Alikuwa anaicheza hapa nyumbani, watoto wanacheka, wanasema arudie."

Hakuwaambia. Aliwaletea nyumbani kichekesho changu, akaficha kilichomgharimu.

Basi wakuu, funzo langu ni dogo. Huyo mchekeshaji wenu mnayemsulubu, mimi simjui, pengine kweli kaingia chama, ni haki yake. Ila picha ni upande mmoja wa kofia. Na kama wewe ndiye fundi, yaani wewe ndiye unayejua upande wa pili, usingoje mambo yatulie. Sema siku ile ile, hata kama waliokaa meza ya katikati ni wateja wako.

Kunilaumu ruksa, nitasoma zote.

Ombi langu ni moja. Kama humu yupo aliyeishi Kigali miaka ile na, japo jina nimelibadilisha, amemtambua yule mzee mkaidi wa redioni, aniandikie hapa chini hata kichekesho chake kimoja. Nimejaribu miaka yote hii kuvikumbuka. Kila nikijaribu, kinachonijia ni changu.