Mtani Niliyemuua Kila Jumamosi

Miaka mingi nimeishi kwa kumuua mwenzangu redioni. Mimi Mmwera, yeye Mngoni, na anayejua utani wetu wa kusini hahitaji maelezo. Asiyejua, ajue kwamba Mngoni kwangu ni mtu wa kutukanwa mchana kweupe, na akinikasirikia yeye ndiye mwenye makosa. Tukikutana Mtaa wa Msimbazi naweza kumvua kofia nikaivaa mimi, akaishia kucheka. Na mmoja wetu akifa, mwenzake hakubaliwi kulia. Anakwenda msibani kumwigiza marehemu alivyotembea, alivyokula, alivyokoroma, mpaka wafiwa wacheke. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mwisho.

Basi kipindi chetu cha Jumamosi asubuhi tukakijenga juu ya hilo. Napiga malimba, kile kibao cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, halafu natangaza: "Ndugu wasikilizaji, yule Mngoni amefariki." Leo kapaliwa na muhogo wa kuiba, wiki ijayo kaangukiwa na kontena bandarini akikodolea macho wake za watu. Simu zinamiminika, watani kila kona ya Bongo wanamchamba marehemu, kisha yeye mwenyewe anadakia: "Nani kafa? Tangulia wewe!" Studio nzima hoi. Wauza vitenge, wabeba mizigo wa Kariakoo, wote walikisubiri kifo chake kama wanavyosubiri chai.

Kisha akaugua kweli. Figo.

"Nisikilize, we Mmwera mchafu," aliniambia wodini, amekonda amebaki macho. "Nikifa sitaki kuzikwa kimya kama mtu asiye na kwao. Waite watani wa redioni. Waje wote wanichafue." Nikamjibu kwamba kwa sura ile hata mchwa watamkataa. Alicheka mpaka nesi akanitoa nje. Nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, na sioni haya kusema.

Alikufa alfajiri ya Jumamosi. Shemeji, mkewe, alinipigia simu, akasema neno moja tu: "Kaenda." Ndugu zake wako Songea, mbali huko, na alikuwa azikwe siku ileile baada ya sala ya alasiri. Badala ya kwenda msibani nikaenda studio. Wale watani aliowataka sikuwa na namba zao wala majina yao, nilikuwa na maikrofoni tu. Malimba sikuyagusa. Nikasema, "Ndugu wasikilizaji, yule Mngoni amefariki. Leo ni kweli. Anazikwa alasiri, makaburi ya Kisutu. Njooni, jamani."

Khaa! Simu ya kwanza ikatoka Magogoni, jamaa anasubiri pantoni. "Safari hii kafa na nini, mzee? Ubwabwa wa shughuli?" Nyuma yake nawasikia abiria wanacheka. Nikamwambia wallahi amekufa. "Ah, mzee, leo umetuletea mpaka kiapo! Umetisha!" Aliyefuata akanibembeleza nimwachie marehemu aongee. Mwingine akasema nimejitahidi, ila sauti ya huzuni sijaiweza vizuri.

Nikapandwa na hasira. Niliwatukana wasikilizaji wangu, matusi ya kweli, ya mtu aliyefiwa. Wakafurahi zaidi. Najua utasema ningetumia sauti nyingine. Sauti ipi? Ninayo hiihii moja, na wao wameshaizoea inavyodanganya.

Kule msibani redio ilikuwa inaongea uani, na shemeji alikuwa anasikia yote. Akapiga simu studio. Fundi mitambo akamweka hewani moja kwa moja.

"Jamani, mimi ni mke wake," alisema. "Mume wangu amekufa. Yuko hapa ndani wanamuosha. Njooni mumzike, alikuwa anawataka ninyi." Maneno yakamkatika, akalia. Alilia muda mrefu, na mimi sikuwa na moyo wa kumkata. Nilidhani sasa wameelewa. Wallahi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nikaona watu watakuja.

Simu iliyofuata ilitoka kwa mama mmoja mwenye genge pale Kariakoo, msikilizaji wetu wa siku zote, Mngindo, mtani hasa. Alikuwa anahema kwa kucheka.

"Mzee wangu," akasema, "huyo mwanamke mmemtoa wapi? Msimwachie, mwajirini. Anajua kulia huyo!"

Alasiri majirani na watu wa msikitini walimbeba, Mungu awalipe. Mtani aliyefika ni mimi peke yangu, na sikuweza kumchekesha mtu.