Matangazo Yakianza, Shika Mkono wa Bibi

Juzi wanangu walikuwa wamejibwaga kwenye kochi, wanachekelea matangazo ya televisheni ya zamani kwenye simu, yale ya sabuni na magari tuliyoyaona sisi tukiwa wadogo. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi. Ukaja wimbo mmoja wa sabuni ya vyombo, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimeshafika sebuleni, mwiko mkononi. Wakaniuliza, kwa Kiingereza chao, kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Uongo mtupu! Wenzangu wakizisikia nyimbo zile wanakumbuka utoto mtamu. Mimi nakumbuka hofu.

Hofu yenyewe ilianza kiangazi kimoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tulipokuwa tunaishi Takoma Park, karibu na Washington, Marekani. Mama yangu, mtu wa Tanga, alikuwa anamhudumia bibi mmoja Mmarekani nyumbani kwake, mwendo wa basi moja kutoka kwetu. Shule zilipofungwa hakuwa na pa kuniacha, nami nina miaka tisa tu. Akawa ananichukua kazini kimyakimya, maana binti wa yule bibi, aliyekuwa anafanya kazi mji wa jirani, Rockville, na ndiye aliyemwajiri Mama, hakutaka mtu mwingine ndani ya nyumba. Gari lake likionekana, nilitakiwa nishuke chumba cha chini na nitulie kama sipo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kweli, siku ya tatu Mama akanipa kazi. Kazi ya kukaa mbele ya televisheni! Ungeniona nilivyochekelea. Sikujua ninachopewa.

Bibi huyo, zamani televisheni ilipokuwa bado kitu kigeni Washington, alikuwa msichana wa matangazo. Enzi hizo, aliniambia, hapakuwa na mambo ya kurekodi. Tangazo lilitolewa papo hapo, katikati ya kipindi: yeye anasimama kando ya friji, taa zinamchoma usoni, anafungua mlango na kuisifia. Ukikosea, umekosea mbele ya mji mzima. Hata aiskrimu iliyokuwa ndani ilikuwa viazi vya kupondwa, maana ya kweli ingeyeyuka kwa joto la zile taa. Alipokuwa akinisimulia hayo akili yake ilikuwa timamu kabisa, tunakula mkate wa kuchoma na siagi, anacheka. Shida ilikuwa matangazo yenyewe. Muziki ukilia tu, alirudi studio. Alijua zamu yake imefika. Aliinuka kitini bila fimbo na kuelekea jikoni kuitangaza friji.

Alishaanguka zaidi ya mara moja kabla sijafika. Binti yake alikuwa amesema wazi kwamba akianguka tena atapelekwa makao ya wazee, huko mji wa Columbia, na hapo Mama hana kazi. Bibi mwenyewe aliomba kila siku afie kitandani kwake. Tulijaribu kuzima televisheni. Alilia, akisema tumemfukuza kazi. Tukapunguza sauti, aliyatambua kwa picha. Ndipo Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nina kufua, nina kupika, nina dawa za kumpa. Wewe, matangazo yakianza, shika mkono wa Bibi. Usiuachie mpaka arudi kitini. Tahadhari kabla ya hatari."

Jamani, mtoto wa miaka tisa! Watoto wengine matangazo yakija ndiyo wanakimbilia chooni. Mimi kinyume. Kipindi kikiendelea nilipumua. Lakini waigizaji wa tamthilia wakianza kukodoleana macho bila kusema neno, na kinanda kikapanda, nilijua sasa yanakuja. Nikabana pumzi sabuni ipite, gari lipite, dawa ya kichwa ipite. Hata kwetu jioni, likija tangazo nilijikuta nimemshika Mama mkono, naye ananitania: "Mwe! Mimi bado sijazeeka." Nilicheka naye, lakini mkono sikuuachia.

Alhamisi moja gari la binti likaingia bila taarifa. Nikateremka mbio, nikakaa kwenye ngazi za chini, gizani, penye harufu ya sabuni ya unga na unyevunyevu. Juu nilimsikia Mama akimkaribisha kwa ile sauti yake ya heshima, kisha akatoka nje kuchukua mifuko iliyobaki garini. Halafu kinanda kikapanda. Ee Mungu wangu, nani amemshika Bibi? Nikitokeza, Mama anafukuzwa. Nisipotokeza, Bibi anaanguka, na Mama anafukuzwa vilevile. Nikasikia kiti kikilia. Nikapanda ngazi.

Nilimdaka mlangoni mwa jikoni. Binti alikuwa amesimama mle ndani na chupa ya maziwa, anamtazama mtoto asiyemjua aliyemshika mama yake mkono. Bibi hakumjali yeyote. Alifungua friji kwa mkono mmoja, wa pili ninao mimi, akaanza: rafu pana, droo za mboga, barafu isiyong'ang'ania, hakuna mama wa nyumba atakayejuta. Sauti ilikuwa ya msichana. Mama akaingia na mifuko, akaniona, akasimama ghafla.

"Huyu ni wangu," akasema. "Nilikosa pa kumwacha."

Binti alivuta kiti, akakaa, akamsikiliza mama yake mpaka mwisho, machozi yanamtiririka. Kisha akatueleza kwamba utotoni aliachwa kwa jirani, na jirani alimweka mbele ya televisheni amwone mama yake akiuza friji. Alikuwa akimwita, mama haitiki. Akamgeukia Mama. "Usimfiche tena."

Bibi hakuanguka. Alifariki mwishoni mwa likizo, usingizini, kitandani kwake, kama alivyoomba. Nyumba iliuzwa, friji ikabebwa na watu wa vitu chakavu. Matangazo ya utoto wangu ukiyatafuta leo utayapata. Ya Bibi hayapo popote, kwa sababu hakuna aliyeyahifadhi.

Siku ya mazishi binti alinivuta kwenye viti vya nyuma kanisani. Alisema siku ile ya jikoni machozi yalimziba, hakuona vizuri. "Wewe ulikuwa naye kila siku," akaniambia. "Uso wake ulikuwaje akitangaza? Alikuwa anatabasamu?"

Kiangazi kizima mimi nilikuwa naangalia miguu yake.